Moto Mahali Pake: Zahabu na Mwangaza Katika Kupigana na Kansere

Mapadri wenzetu na wakatekista wanaotembelea wagonjwa wamekwisha kusikia swali hili: «Baba Padri, watu wanasema zahabu inaponya kansere. Ni kweli ao ni uongo?» Wengine wamesikia habari hiyo katika radio, wengine wameisoma katika telefoni. Na katika inchi nyingi wako wauzaji wanaosifu chupa za maji wanayoyaita maji ya zahabu, wakisema ni dawa ya kila ugonjwa.

Mbele ya swali hilo ziko njia mbili za kukosa. Ya kwanza ni kucheka. Nayo ni kosa, maana nyuma ya neno hilo iko elimu ya kweli, iliyopimwa na watu wenye akili. Ya pili ni kukubali tu. Nayo ni kosa kubwa zaidi, maana mgonjwa ataondoa feza ya lopitali na kununua chupa, na kansere haimngoji.

Basi tumeona vema kueleza jambo hilo kwa utaratibu. Kwanza tutasema moto unafanya nini katika mwili. Kiisha, zahabu iliyo ndogo sana inafanya nini inapopata mwangaza. Halafu waganga wamefikia wapi. Mwisho, tumjibu mgonjwa namna gani.

I. Moto ni dawa, lakini hauchagui

Tangu zamani watu wamechoma vidonda kwa chuma chekundu, ili kuzuiza damu ao kuua uchafu. Walijua kwa mazoezi kwamba moto unaua nyama mbaya. Leo tunajua sababu yake.

Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo-vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa seluli. Joto lake la kawaida ni digri 37 hivi. Seluli ikikaa muda mrefu katika joto la digri 42 ao 43, inaanza kuumia. Ikipita digri 50, inakufa upesi, maana vitu vilivyo ndani yake vinagandamana kama yai lililotiwa katika maji ya moto. Yai likiisha kupikwa halirudi tena kuwa bichi. Seluli ya kansere nayo haiepuki sheria hiyo.

Kama ni hivyo, mbona waganga hawachomi kansere yote kwa moto? Sababu moto hauchagui. Mtu anayechoma nyasi karibu na nyumba ya majani anajua hofu hiyo: moto unakula nyasi, lakini upepo kidogo tu, nyumba nayo imekwenda. Vilevile kansere haikai peke yake mahali pa wazi. Inakaa kati ya viungo vizima. Tutwae mfano wa prostati, ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu. Katikati yake inapita njia ya mkojo. Pembeni iko mishipa ya fahamu. Nyuma yake liko tumbo la choo. Mganga akikata ao akichoma kupita kiasi, mgonjwa anaweza kupona kansere na kubaki asiyeweza kuzuiza mkojo wake.

Basi swali lote ni hili: namna gani kuwasha moto ndani ya uvimbe peke yake, bila kuunguza jirani zake?

II. Mwangaza unaopita katika nyama

Usiku, shika tochi yenye nguvu na kuifunika kwa vidole. Utaona vidole vinangaa vyekundu. Tochi inatoa mwangaza mweupe, wenye rangi zote pamoja. Mbona nyekundu tu inatokea upande wa pili? Sababu damu inameza rangi ya kijani na ya buluu, inaacha nyekundu ipite.

Tena, kupita rangi nyekundu uko mwangaza mwingine ambao jicho letu haliuoni. Huo unaingia katika nyama mbali zaidi, hata sentimeta kazaa. Lakini ukizidi kwenda mbali upande ule, maji ya mwili yanaanza kuumeza nao. Basi kati ya damu inayomeza upande huu, na maji yanayomeza upande ule, liko kama dirisha. Mwangaza wa dirisha hilo unapita katika mwili na hauunguzi kitu, ukiwa wa kadiri.

Lakini ndipo shida inapoanza. Nyama haiumezi sana, kwa hiyo haipati moto mwingi. Mwangaza unaopita vizuri ni mwangaza usiochoma. Kusudi uchome, lazima ukute mahali pale pa uvimbe kitu chenye kuumeza na kuugeuza kuwa joto. Kitu hicho ni zahabu.

III. Zahabu isiyo ya manjano

Sisi sote tunajua zahabu kuwa ya manjano. Lakini zahabu iliyogawanyika kuwa chembe ndogo kabisa ndani ya maji ao ndani ya kioo, inaonekana nyekundu. Katika nyumba ya vitu vya kale ya British Museum, mjini London, kiko kikombe cha kioo kilichofanywa na Waroma katika karne ya 4. Ukikitazama kwa mwangaza wa nje, ni cha kijani. Ukitia taa ndani yake, kinageuka chekundu. Katika kioo kile mna zahabu na feza, chembe ndogo-ndogo kabisa. Mafundi wale walijua kukifanya. Sababu yake hawakuijua.

Katika mwaka wa 1857, Mwingereza Michael Faraday alieleza mbele ya chama cha wataalamu wa London, Royal Society, kwamba maji mekundu aliyoyafanya yalikuwa na zahabu yenyewe ndani yake, iliyogawanyika vidogo kupita nguvu ya mikroskopu ya siku zile. Katika mwaka wa 1908, Mdachi Gustav Mie alitoa hesabu zinazoonyesha namna chembe kama hizo zinavyomeza mwangaza na kuutawanya.

Udogo wake ni wa namna gani? Gawanya milimeta moja kuwa sehemu 1.000.000: kila sehemu inaitwa nanometa. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 50.000 mpaka 100.000. Chembe tunazosema hapa zina nanometa makumi kazaa, ao 100 na zaidi kidogo. Jicho haliwezi kuona moja yake peke yake.

Sasa tufikie kiini cha jambo. Mwangaza ni mwendo wa mawimbi. Ndani ya madini mna vitu vinavyoitwa elektroni. Nyingine hazikufungwa kwa atomu yake, zinatembea huru. Wimbi la mwangaza likipita, linazisukuma huku na huku. Tukumbuke mtoto anayepiga kengele kubwa ya kanisa. Kengele ni nzito kumshinda, na akivuta kamba ovyo haitatikisika. Lakini akivuta kwa kufuata mwendo wa kengele yenyewe, kila mvuto unaongeza kidogo, na mwishowe kengele nzima inayumba. Ndivyo elektroni za chembe ya zahabu: zina mwendo wake, na mwangaza wenye mwendo ule ule unaziyumbisha kwa nguvu. Elektroni zikiyumba hivyo, zinagonga atomu za zahabu, nazo atomu zinatetemeka. Na kutetemeka kwa atomu ndiyo joto. Hayo yote yanafanyika kwa muda mfupi sana, kufumba jicho ni muda mrefu mbele yake. Kiisha chembe inatoa joto lake kwa maji na nyama zilizo kando yake.

Mtu atauliza: mbona zahabu, siyo chuma cha kawaida? Tunajibu: sababu elektroni zake zinaitika vizuri kwa mwangaza tunaoutaka, tena zahabu haishikwi na kutu, na mafundi wanaweza kuipa umbo mbalimbali.

IV. Kuilinganisha sauti ya zahabu

Lakini chembe za mviringo za zahabu tupu zinameza hasa mwangaza wa kijani, ule ule ambao damu inaumeza. Hazifai kwa uvimbe ulio ndani. Lazima kubadili mwendo wake, kama vile mpiga ngoma anavyokaza ngozi ili sauti ibadilike.

Kazi hiyo ilifanyika katika chuo kikuu cha Rice, mjini Houston, inchi ya Marekani. Katika mwaka wa 1998, mwalimu Naomi Halas na wenzake walitangaza namna ya kufanya chembe zenye sehemu mbili: ndani kiini cha silisi, kitu cha asili moja na mchanga mweupe na kioo, juu yake ngozi nyembamba ya zahabu. Ngozi ikiwa nyembamba zaidi kuliko kiini, chembe inaacha rangi ya kijani na kumeza mwangaza ule usioonekana, unaopita katika nyama. Kumbe sauti imelinganishwa na dirisha.

Jennifer West, wa chuo kile kile, na wenzake wakajaribu pamoja na Halas kama chembe zile zinafaa kwa dawa. Katika mwaka wa 2003 walitangaza majaribio yao juu ya seluli za kansere ya maziwa, zilizowekwa katika vyombo. Zile zilizokuwa na chembe za zahabu, zilipoangaziwa zilikufa. Nyingine ziliangaziwa vilevile bila zahabu, nazo zilibaki hai. Katika mwaka wa 2004 walitangaza habari za panya. Panya waliopata zahabu na mwangaza, uvimbe wao uliisha, na siku zaidi ya 90 baadaye walikuwa wazima. Panya waliopata mwangaza bila zahabu, uvimbe wao uliendelea kukua. Msomaji aangalie vema: mwangaza peke yake haukufanya kitu.

Mwana wa Afrika naye yumo katika kazi hiyo. Mostafa El-Sayed, mzaliwa wa Misri, aliyefundisha mjini Atlanta, alichunguza chembe za zahabu zenye umbo la vijiti. Urefu wa kijiti ukizidi mbele ya unene wake, rangi anayoimeza inabadilika. Katika mwaka wa 2006, yeye na wenzake, pamoja na mwanawe Ivan aliye mganga, walionyesha kwamba vijiti hivyo vinaweza kuua seluli za kansere kwa mwangaza.

V. Watu kumi na sita

Tangu panya mpaka mtu njia ni ndefu. Katika mwaka wa 2019 waganga wa Mount Sinai, mjini New York, pamoja na wenzao wa Houston, walitangaza jaribio walilofanya kwa wanaume 16 wenye kansere ya prostati.

Walifanya hivi. Siku ya kwanza mgonjwa alitiwa katika mshipa maji yenye chembe za silisi na zahabu. Chembe zilitembea na damu mwili mzima. Zinaingia namna gani katika uvimbe? Uvimbe unakua mbio, na mishipa yake ya damu inajengwa ovyo, kama ukuta wa matofali uliojengwa haraka, wenye matundu kati ya tofali na tofali. Wataalamu wa Japani, Matsumura na Maeda, waliandika juu ya jambo hilo katika mwaka wa 1986. Chembe zinapita katika matundu yale na kubaki mle. Siku ya pili, waganga waliongozwa na picha za ndani ya mwili. Wakaingiza nyuzi nyembamba za kioo mpaka mahali pa uvimbe, wakapitisha humo mwangaza wa lazeri. Penye zahabu pakaungua. Pasipo zahabu, nguvu ile ile ya mwangaza haikutosha kuchoma.

Kazi ilitimizwa sawasawa kwa watu 15 kati ya 16. Hakikuonekana kizuizi kikubwa baadaye, na kazi ya mkojo haikuharibika. Hiyo ni habari njema. Lakini tusiipanue kuliko ilivyo. Watu 16 ni wachache. Kansere yao ilikuwa bado ndani ya tezi, haikutawanyika, wala haikuwa ya namna iliyo kali kabisa. Jaribio lilitaka kujua kwanza kama kazi inawezekana bila kumzuru mgonjwa. Halikutaka kuonyesha kwamba dawa hii inapita dawa nyingine, wala kwamba inaponya kila kansere. Mpaka sasa haijawa dawa ya kawaida ya lopitali.

VI. Ugumu unaobaki

Ugumu wa kwanza ni kufikisha zahabu mahali pake. Katika mwaka wa 2016 wataalamu wa Toronto, inchi ya Kanada, walikusanya hesabu za majaribio mengi ya miaka 10, yaliyofanywa kwa wanyama na chembe za namna mbalimbali. Waliona kwamba katika nusu ya majaribio hayo, zisizofika hata 0,7 kwa 100 ya chembe zilizotiwa katika damu ndizo zilizoingia katika uvimbe. Nyingi za hizo nyingine zinashikwa na ini na wengu, maana ni kazi ya viungo hivyo kuchuja damu. Na zahabu inaweza kukaa humo muda mrefu.

Ugumu wa pili ni mwangaza wenyewe. Unaingia sentimeta kazaa, hauvuki mwili mzima. Uvimbe ulio ndani sana unataka nyuzi na sindano, na mkono wa mganga aliyezoea.

Ugumu wa tatu ndio mkubwa. Dawa hii ni ya mahali. Inaunguza pale mwangaza unapoelekezwa. Kansere iliyokwisha kutawanyika katika mifupa, mapafu na ini haina mahali pamoja pa kuelekeza mwangaza.

VII. Vipingamizi na majibu

Kipingamizi cha kwanza. Mtu atasema: kama zahabu inaua kansere, basi anayekunywa maji yenye zahabu atapona. Tunajibu kwa kutofautisha. Zahabu haiui kansere. Joto ndilo linaloua. Zahabu ni chombo cha kugeuza mwangaza kuwa joto. Katika filosofia tunajifunza kwamba chombo hakifanyi kazi yake pasipo mwenye kukitumia. Nyundo haijengi pasipo mkono. Zahabu bila mwangaza ni nyundo bila mkono. Anayekunywa maji yale amekosa mambo manne kwa pamoja: umbo la chembe lililolinganishwa na mwangaza, njia ya damu, kufika katika uvimbe, na mwangaza wenyewe. Jambo moja likikosekana, kazi haipo. Yeye amekosa yote.

Kipingamizi cha pili. Mtu wa Ituri ao wa Kivu atasema: sisi tunayo zahabu katika mito yetu, si afazali tuitie katika kidonda? Tunajibu: zahabu ya mto, hata ile inayoonekana kama vumbi, ni kubwa mno kwa kazi hii. Mbele ya chembe zile, punje yake moja ni kama mlima. Tena wachimbaji wengi wanatumia zebaki kwa kushika zahabu, na zebaki ni sumu. Anayeitia katika kidonda anaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Kipingamizi cha tatu. Mwingine ataogopa, akisema: mwangaza huo si kama ile mionzi ya kupigia picha za mifupa, inayoweza kuleta kansere yenyewe? Tunajibu: hapana. Nguvu ya mwangaza huu ni ndogo kuliko ya ule tunaouona kwa macho. Hauvunji-vunji vitu vya ndani ya seluli kama mionzi ile. Unatia joto tu. Hatari yake ni hatari ya moto, yaani kuunguza palipo pazima.

VIII. Tumjibu mgonjwa namna gani

Basi mtu akituuliza, tunaweza kumjibu kwa maneno machache. Ndiyo, wataalamu wanatumia chembe za zahabu na mwangaza kwa kuchoma kansere. Bado ni jaribio, si dawa ya kununua. Na kile kinachouzwa katika chupa si dawa hiyo.

Tukumbuke tofauti moja inayopima muuzaji. Wanaume wale 16 waliambiwa kwamba ni jaribio, wakakubali wakijua. Baadaye waganga walitangaza hesabu zao, pamoja na mtu mmoja ambaye kazi haikutimia kwake. Muuzaji wa chupa hatangazi hesabu; kwake wote wanapona. Mtu asiyetaja hata mgonjwa mmoja aliyekosa kupona, usimwamini.

Na neno la mwisho ni hili, nalo ndilo tungependa wakatekista walichukue vijijini. Wale waliotunzwa New York walikuwa na kansere iliyoonekana mapema, ikiwa bado mahali pamoja. Hata chombo kipya kuliko vyote kinataka hivyo. Kisu cha mganga nacho kinataka hivyo. Kwa hiyo mama mwenye uvimbe katika ziwa, hata usiomuuma. Mama anayetoka damu nje ya siku zake. Mzee anayekojoa kwa shida ao kutoa damu katika mkojo. Mtu mwenye kidonda kinachokaa majuma na majuma pasipo kupona: hao waende lopitali sasa, wasingoje zahabu. Labda si kansere. Kama ni kansere, mwezi mmoja wa kungoja unaweza kuitoa katika mahali pake, na moto utakosa pa kuwashwa.